Kwa nini tunanunua tiketi za bahati nasibu na huku tunajua kushinda ni kugumu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu Mbagala. Jioni watu wakishuka kwenye daladala huja kwangu kwa mambo matatu: kutoa, kutuma, na kuweka salio ambalo sehemu yake najua inakwenda kwenye bahati nasibu. Mimi pia ni kijumbe wa mchezo wa upatu wa wanawake kumi na wawili wa mtaani kwetu. Kwa sababu nakaa katikati ya pesa za watu kutwa nzima, maswali haya naulizwa kila wiki, na mengine nimejiuliza mwenyewe mpaka nikaenda kuyasomea. Haya ndiyo majibu yangu.

Uwezekano wa kushinda ni mdogo kiasi gani hasa?

Inategemea mchezo. Chukua ule wa kuchagua namba sita kati ya 49, ambao Uingereza waliutumia tangu walipoanzisha bahati nasibu yao ya taifa mwaka 1994. Namba hizo sita zinaweza kupangwa kwa njia 13,983,816, na inayoshinda ni moja. Mwaka 2015 wakaongeza namba hadi 59, njia zikawa 45,057,474. Powerball ya Marekani ni 1 katika 292,201,338.

Namba kubwa hivyo hazishikiki kichwani, kwa hiyo mimi huzipima kwa mchele. Kilo moja ina punje kama 50,000 kwa makadirio. Punje milioni 14 ni karibu gunia tatu za kilo mia mia. Mwaga gunia zote sakafuni, paka punje moja rangi nyekundu, changanya, mfunge mtu kitambaa machoni aokote punje moja tu. Hiyo ndiyo namba sita kati ya 49. Powerball ni tani karibu sita za mchele, na mtu yule yule, na kitambaa kile kile.

Au hesabu kwa siku: tiketi moja kila siku bila kukosa, kumaliza njia zote za namba sita kati ya 49 kungechukua miaka zaidi ya 38,000.

Kwa hiyo wanaonunua hawajui hesabu?

Hili ndilo jibu ninaloombwa nilikubali, na silikubali. Wanajua. Huenda hawana namba 13,983,816 mdomoni, lakini wanajua kwamba wanaoshinda ni wachache mno na kwamba wao hawajawahi kushinda.

Nina mteja, fundi wa kuweka marumaru, mtu wa makamo. Hesabu zake za vipande vya sakafu anazipiga bila kalamu na hazikosei. Jioni moja nilimwambia, “Fundi, hii pesa inakwenda bure.” Akanijibu taratibu huku anahesabu sarafu: “Dada, najua. Ila nikirudi nayo nyumbani hii buku, kesho asubuhi imeshakuwa vitumbua. Na kodi ya miezi sita haitoki kwenye vitumbua.”

Nilikaa na maneno yale siku nyingi. Yanabeba jibu la swali linalofuata.

Basi kwa nini wananunua?

Sababu zipo nyingi, na nyingine nitazigusa chini, lakini iliyo kubwa kwa watu ninaowahudumia ni pesa ya mkupuo.

Maisha yetu mapato yake ni ya vipande vidogo na mahitaji yake ni ya vipande vikubwa. Fundi analipwa kwa siku. Mama ntilie anauza sahani moja moja. Lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka, kwa mkupuo. Bati huwezi kuezeka moja leo na moja mwezi ujao ukiwa ndani ya nyumba. Cherehani, pikipiki, ada, mtaji wa genge: vyote vinataka donge moja la pesa kwa siku moja. Ukiwa na buku kumi huna sehemu ya pikipiki. Una buku kumi tu, na mtoto anaumwa, na jirani amefiwa, na kesho hazipo.

Mtafiti Sylvan Herskowitz alikwenda Kampala akazungumza na watu zaidi ya 1,700 wanaobashiri mechi. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2021. Kubashiri mechi si bahati nasibu kamili, lakini alichokikuta ni maneno ya fundi wangu kwa lugha ya wasomi. Kiasi ambacho watu walilenga kushinda kiliendana na kitu kikubwa walichotaka kununua. Waliposhinda, pesa ilikwenda zaidi kwenye vitu vikubwa vya mkupuo. Na sehemu ninayoipenda kuliko zote: baadhi yao walipewa sanduku la kuwekea akiba, yaani kibubu, na hamu yao ya kubashiri ikapungua. Hawakupewa mahubiri wala semina ya hesabu, walipewa kibubu.

Ukiliona jambo hivyo, tiketi inakaa kwenye rafu moja na upatu, kikoba na mkopo. Zote ni njia za kugeuza vijipesa kuwa donge. Tatizo la tiketi ni kwamba ndiyo njia mbovu kuliko zote. Lakini angalia ilivyo rahisi: haiulizi dhamana, haiulizi barua ya mjumbe, haikuiti kwenye kikao Jumapili, haikujii mlangoni kukudai kama mikopo ya kausha damu. Buku na simu, basi. Anayemcheka mnunuzi wa tiketi ajiulize kwanza mtu huyo benki gani ingempokea.

Wengine wana akiba na wana benki, na bado wananunua. Hao je?

Hao wananunua siku chache za kuwaza.

Nilipokuwa mdogo, enzi za tiketi za karatasi za Bahati Nasibu ya Taifa, baba alikuwa anaweka tiketi yake kwenye kabati la vyombo, imesimamishwa mbele ya sahani za wageni ili ionekane kupitia kioo. Mpaka siku ya kutangazwa washindi, kila baada ya chakula cha usiku alikuwa anajenga. Leo anaweka bati, kesho ananunua mashine ya kusaga na kuipeleka kijijini kwa bibi, keshokutwa anamlipia mjomba mahari. Mama alikuwa anamrekebisha: “Mashine ya kusaga usiwape akina fulani waisimamie, wataila.” Walikuwa wanabishana kwa dhati juu ya pesa ambayo haikuwepo. Hakushinda hata mara moja. Lakini sikumbuki nyumba yetu ikiwa na furaha zaidi ya wiki zile, na siwezi kusema kwamba baba alitapeliwa kwa bei ile.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba uwezekano mdogo sana huwa tunaupa uzito kuliko unaostahili. Ukiongeza nafasi ya mtu kutoka moja hadi mbili katika milioni, hashtuki. Ukimtoa sifuri ukampa moja katika milioni, umembadilishia usiku wake. Bila tiketi mlango umefungwa kabisa. Ukiwa nayo umebaki wazi upenyo wa uzi, na binadamu anachungulia.

Michezo ya namba tatu je? Pale nafasi ni 1 katika 1,000. Si ni nzuri?

Ni nzuri ukilinganisha na mchele wa tani sita, lakini piga hesabu vizuri. Tuseme mchezo unalipa mara 500 kwa anayepata namba zote tatu kwa mpangilio wake, kama ilivyo kawaida kwenye michezo ya aina hii huko Marekani. Ukicheza buku kila siku kwa siku 1,000, umetoa milioni moja. Kwa wastani utapata mara moja, yaani 500,000. Nusu imebaki kwa mwendeshaji.

Na hapa watu wengi wanateleza. Wanasema, “Nikicheza siku elfu lazima nipate.” Si lazima. Kati ya watu 100 wanaocheza siku elfu nzima, karibu 37 hawapati hata mara moja. Droo ya kesho haijui kwamba ulicheza jana.

Namba yangu haijatoka muda mrefu. Si imekaribia?

Haijakaribia popote. Mpira wa droo hauna kumbukumbu. Watafiti Charles Clotfelter na Philip Cook waliangalia bahati nasibu ya Maryland, Marekani, wakakuta kwamba namba ikishatoka watu wanaikimbia, na inachukua kama miezi mitatu ndipo wanairudia kama kawaida. Uwezekano wake wakati wote huo ulikuwa ule ule.

Nichague mwenyewe au niiachie mashine inichagulie?

Nafasi ya kushinda ni sawa. Lakini moyo haukubali. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ellen Langer alichapisha jaribio la tiketi za dola moja. Baadhi ya watu walijichagulia tiketi, wengine wakapewa tu. Walipoombwa waiuze, waliopewa walitaka chini ya dola 2 kwa wastani. Waliochagua wenyewe walitaka zaidi ya dola 8. Nafasi ya tiketi zote ni moja, lakini ile uliyoichagua kwa mkono wako tayari imeshakuwa mtoto wako.

Kuna jambo moja ambapo uchaguzi una maana, nalo ni kugawana. Wengi huchagua siku za kuzaliwa, kwa hiyo namba za 1 hadi 31 zinajaa watu. Na si siku za kuzaliwa tu zinazogongana: tarehe 14 Januari 1995 Uingereza zilitoka 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Zawadi kubwa ilikuwa zaidi ya pauni milioni 16, lakini walioshinda walikuwa 133, kila mmoja akaondoka na pauni 122,510. Ukichagua namba ambazo wengine hawazipendi hushindi mara nyingi zaidi, ila siku ukishinda unakula peke yako.

Kuna mtu aliyewahi kuishinda bahati nasibu kwa akili?

Ndiyo, zawadi ilipozidi bei ya tiketi zote. Paris, karibu mwaka 1729, mwandishi Voltaire na mwanahisabati La Condamine waligundua kwamba serikali ilikuwa inatoa zawadi zenye thamani kubwa kuliko tiketi zote, wakaunda kundi la kuzinunua. Mwaka 1992 kundi la Stefan Mandel lilinunua tiketi kama milioni 5 kati ya mpangilio milioni 7 za bahati nasibu ya Virginia, Marekani, likapata zawadi ya dola milioni 27. Wote hao walikuwa na mtaji mkubwa. Anayekuuzia “namba za uhakika” Telegram kwa elfu kumi hana siri ya Voltaire. Angekuwa nayo asingehitaji elfu kumi yako.

Ni kweli maskini ndio wanaotumia zaidi?

Ukipima kwa sehemu ya kipato, ndiyo, na limeonekana nchi nyingi. Lakini kinachosukuma si mfuko peke yake, ni kujiona uko chini. Mtafiti Emily Haisley na wenzake walifanya jaribio kwenye kituo cha mabasi cha Pittsburgh, Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Abiria walijazishwa fomu ya kipato. Baadhi ya fomu zilipangwa ili mtu wa kawaida aangukie kwenye kundi la chini na ajihisi maskini. Hao walinunua tiketi karibu mara mbili ya wenzao. Mfuko haukubadilika, kilichobadilika ni alivyojiona.

Naliona hilo hapa. Mauzo ya salio la bahati nasibu hayapandi siku watu wana pesa tu. Yanapanda mwenye nyumba akipita, na shule zikifunguliwa.

Mbona kila siku redioni nasikia mtu ameshinda?

Kwa sababu anayeshinda ndiye anayepigiwa simu hewani. Unamsikia anavyopiga kelele, mkewe anauliza kuna nini, mtangazaji anacheka, na wewe uliye kwenye foleni ya daladala unatetemeka pamoja naye. Waliokosa hawapigiwi. Hebu wapewe nao nafasi. Kwenye mchezo wa namba sita kati ya 49, kila njia iliyokosa ikipewa sekunde moja ya kusema “nimekosa”, redio ingesema neno hilo usiku na mchana kwa miezi mitano na zaidi kabla ya kumfikia mshindi. Ukisikiliza redio ya namna hiyo wiki moja tu, ungenielewa.

Wenzangu kazini wananunua kwa kuchanga. Nikijitoa halafu wakashinda?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, maana hapo hununui ushindi, unanunua kinga ya majuto. Mwaka 2011, kwenye droo ya Krismasi ya Hispania, kijiji kidogo cha Sodeto kilishinda zawadi kubwa. Karibu kijiji kizima walikuwa na sehemu ya namba ile ile, kwa sababu kikundi cha akina mama kilipita nyumba kwa nyumba kuiuza. Mkazi mmoja tu alirukwa. Dunia nzima ilimjua yeye kuliko walioshinda.

Ukichanga kidogo ili ubaki na wenzako, mimi sitakulaumu. Huo ni mchango wa ujirani. Kiwango kikianza kupanda, rudi kwenye gunia za mchele.

Ni kweli walioshinda huishia kufilisika?

Habari hii tunaipenda kwa sababu inatufariji. Ile takwimu inayozunguka mitandaoni, kwamba asilimia 70 ya washindi hufilisika, haina msingi. Taasisi ya Marekani iliyokuwa ikitajwa kama chanzo chake ilitangaza mwaka 2018 kwamba haikuitoa. Huko Sweden, utafiti wa Erik Lindqvist, Robert Östling na David Cesarini uliochapishwa 2020 uliwaangalia washindi wa pesa nyingi miaka mingi baada ya ushindi, ukakuta wanaridhika na maisha yao kuliko wangekuwa bila ushindi.

Florida, Marekani, ilikuwa tofauti kidogo. Waliopata kati ya dola 50,000 na 150,000 walipungukiwa na kesi za kufilisika miaka miwili ya mwanzo, kisha zikaongezeka miaka iliyofuata. Donge liliahirisha shida, halikuiondoa. Kwa hiyo sababu ya kutotegemea tiketi si kwamba ushindi una laana. Sababu ni kwamba hautakuja.

Ni kamari? Dini zinasemaje?

Kwa Waislamu jibu liko wazi: Sura Al-Maida, aya ya 90, inaitaja kamari pamoja na ulevi na kuamrisha iepukwe, na wanazuoni wengi wanaiweka bahati nasibu ya kununua tiketi hapo hapo. Wakristo wametofautiana, kuna makanisa yanayoikataza kabisa na mengine hayajaigusa. Kisheria Tanzania ni halali kwa aliyetimiza miaka 18 na kwa kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003. Dhamiri yako mimi siwezi kukuwekea salio.

Nitajuaje imenizidi?

Ukicheza ili kurudisha ulichopoteza jana. Ukificha simu mkeo au mumeo asione ujumbe. Ukikopa kausha damu ili ucheze. Ukigusa ada ya mtoto. Hata moja kati ya hayo inatosha.

Cha kwanza, mwambie mtu mmoja. Nina wateja watatu walioniambia, “Dada, nikija kuweka ya mchezo usinipokee, hata nikikasirika.” Siwapokei. Mmoja alinitukana siku ya mshahara mbele ya watu, kesho yake akaja na shikamoo ndefu kwa mama yangu aliyekuwa amekaa pembeni. Pia unaweza kuitaka kampuni ikufungie akaunti. Usione haya kuomba.

Nimepata ujumbe kwamba nimeshinda, na sikucheza. Nifanyeje?

Hukushinda. Atakayekuomba utume kwanza “ada ya usajili” au “kodi” ili uletewe zawadi ni tapeli, wa ukoo mmoja na wale wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”. Usimpigie, usimpe namba ya siri. Tanzania, peleka namba yake 15040. Kenya, mteja wa Safaricom apeleke 333. Nimeshuhudia bibi mmoja akiwa ameshika elfu arobaini ya dawa mkononi, anataka kuituma ili apokee milioni tano. Tulikaa naye kwenye benchi nusu saa nzima ndipo akairudisha kwenye kitenge.

Kuna bahati nasibu ambayo ukikosa hupotezi pesa yako?

Zipo. Uingereza walianzisha hati za akiba ziitwazo Premium Bonds mwaka 1956. Unaweka pesa yako, hupati riba, badala yake unaingia kwenye droo ya zawadi kila mwezi. Ukikosa miaka kumi, pesa uliyoweka ipo pale pale, unaichukua siku unayotaka. Afrika Kusini benki moja ilianzisha akaunti ya namna hiyo mwaka 2005, watu wakaikimbilia, lakini mwaka 2008 mahakama ikaamua kwamba ni bahati nasibu isiyo halali na ikafungwa. Nasikitika kila nikikumbuka, kwa sababu ile ndiyo ingemfaa fundi wangu: akiba inayokua na upenyo wa uzi juu yake.

Na sisi tunayo yetu, tumeizoea mpaka hatuioni. Kwenye mchezo wetu kila mmoja anatoa 50,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea 600,000. Nani aanze? Tunapiga kura. Mwezi wa kwanza naandika namba 1 hadi 12 kwenye vikaratasi, navikunja, natia kwenye kopo la Blue Band, natikisa, kopo linazunguka. Mwaka huu namba 1 ilimwangukia mke wa fundi. Alipokifungua kile kikaratasi alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia, na wenzake wakamfunga kanga mpya kiunoni. Mwaka mzima atatoa pesa ile ile anayotoa aliyeokota namba 12. Wiki iliyofuata mumewe alikuja kibandani kutuma kodi ya miezi sita, yote kwa mara moja.